Kumbukumbu ya mradi: molekuli ya HCN imeanza kuzunguka

Hatimaye programu yangu imetoa namba ninayoiamini. Ninahesabu jinsi elektroni inavyotawanywa na molekuli ya polari, yaani yenye upande mmoja wa chaji hasi kidogo na mwingine chanya. Kilichonivuta ni maji. Ukikaa Kisumu ukaona radi za jioni juu ya ziwa, utajiuliza elektroni hupitaje kwenye hewa yenye unyevu mwingi namna ile. Lakini molekuli ya maji imepinda na mizunguko yake ina hesabu ngumu, kwa hiyo nimeanza na HCN (sianidi ya hidrojeni), iliyonyooka na yenye daipoli, yaani kipimo cha mgawanyiko huo wa chaji, kubwa ya Debye 2.98 (Debye ni kizio chake).

Ugumu wote uko kwenye umbali. Nishati ya elektroni na daipoli hupungua kwa mraba wa umbali tu, kwa hiyo hata elektroni inayopita mbali huguswa. Ukiichukulia molekuli kuwa imetulia tuli, eneo la mgongano, yaani ukubwa wa shabaha ambayo elektroni inaiona, halina kikomo: kila ukiongeza mawimbi (vipande ambavyo hesabu inaigawa elektroni, vya juu vikipita mbali zaidi), jibu linapanda. Programu haijaharibika. Molekuli halisi huzunguka, na ili HCN ipande kutoka daraja la mzunguko la 0 hadi la 1 inachukua meV 0.37 (meV ni sehemu ya elfu ya elektronivolti, eV) kutoka kwa elektroni. Kiasi hicho kidogo ndicho kinacholifunga jibu. Napenda sana jambo hili!

Kwa makadirio ya Born, yanayochukulia kwamba molekuli inaisukuma elektroni kidogo tu:

eneo = (8π/3)(D²/k²) ln[(k+k′)/(k−k′)]

D ni daipoli, na k na k′ ni momenta (uzani mara kasi) ya elektroni kabla na baada ya mgongano. Katika vipimo vya atomu, D ya HCN ni 1.174, na kwa elektroni ya eV 1 k² ni 0.0735. Logi inatoka 9.3, na jibu ni takribani angstromu za mraba 409. Kaboni monoksidi, ambayo uzani wake ni karibu sawa lakini daipoli yake ni Debye 0.11, inatoa 0.54 tu.

Mwalimu mwenzangu wa kemia akaniuliza, "Sasa Mwalimu, hiyo 409 ni ya kutegemewa?" Kwa elektroni zinazopita mbali, ndiyo. Karibu na molekuli, elektroni mgeni huchanganyika na wenyeji hata wakabadilishana nafasi, na Born haioni hayo. Hapo naitegemea zaidi mbinu ya matriksi R, ambayo Wigner na Eisenbud waliiandika mwaka 1947 kwa ajili ya viini vya atomu: unachora tufe kuizunguka molekuli, ndani unahesabu elektroni zote pamoja, nje unabakiza daipoli. Mawimbi ya juu unayachukua kwa Born, ukiondoa kwanza yale ya chini yasihesabiwe mara mbili.

Sehemu hiyo ya kuondoa ndiyo ninayoiandika sasa. Nitaipima kwa eneo la uhamisho wa momenta: uzito wake wa 1−cosθ (θ ni pembe ambayo elektroni inageuka) unafuta mtawanyiko wa mbele, hivyo linapaswa kutoka na kikomo hata molekuli ikiwa tuli.