Mfungaji wa netiboli apige pointi moja au azungushwe?

SHIMIWI, michezo ya watumishi wa wizara na idara za serikali, ikikaribia, timu yetu ya wizara huwa na ubishi uleule: mfungaji alengeje mazoezini, asimame sehemu moja (ndiyo pointi moja) au azungushwe sehemu tofauti? Mimi ni GS, mfungaji mkuu, kwa hiyo ubishi huu unanihusu kuliko wengine, na upande wangu nimeshauchagua.

Kwa wale wa kandanda: pete ya netiboli iko mita 3.05 juu na haina ubao nyuma wa kukuokoa kama kwenye kikapu. Upana wake ni sentimita 38, mpira wenyewe unachukua kama 22. Una sekunde 3 tu za kukaa na mpira, na mbele yako, sentimita 90 kutoka mguuni kwako, GK, beki wa goli wa wenzio, amenyoosha mikono mpaka jua limepotea.

Mwalimu wetu ni wa pointi moja. Simama hapohapo karibu na nguzo, piga mpaka mkono uzoee. Na jamani, lina raha yake tizi hilo! Ukishapata moto mipira inazama bila kugusa chuma, walioko benchi wanakupigia makofi, unarudi nyumbani unajiona wa Taifa Queens, timu ya taifa.

GA wetu, yaani mfungaji mwenzangu, binti aliyepitia UMISSETA (michezo ya shule za sekondari), ana lake. Kila mpira anataka utoke kwingine: huu chini ya pete, unaofuata kwenye mstari wa duara, wa tatu anaudaka amegeuzia goli mgongo. Ukimtazama utamwonea huruma. Anakosa, anaukimbilia mpira vumbini, anakosa tena, mwalimu anaguna. Lakini kwenye mechi C, mchezaji wa kati, akibanwa anarusha popote, na hapo huyu binti hababaiki. Sisi wa pointi moja tunaanza kutafuta sehemu yetu, sekunde 3 zinaisha.

Watafiti waliliona hili zamani. Mwaka 1978 Kerr na Booth waliwapa watoto vifuko vya kulengea shabaha. Wa miaka 8, kundi moja lilirusha kutoka futi 3 tu, jingine likachanganya futi 2 na futi 4. Siku ya kupimwa wote wakapewa futi 3, na walioshinda ni wale ambao hawajawahi kuzifanyia mazoezi futi 3! Ninavyoelewa mimi, ukirudia pointi moja mwili unanakili tu goli lililopita. Ukibadilishiwa, kila mara unakadiria upya magoti yakunje kiasi gani na mpira upande juu kiasi gani. Na kwenye mechi unachoombwa ni kukadiria.

Hapo hapo, mwalimu asionewe. Dada mmoja wa masijala amejiunga juzijuzi na hajawahi kushika mpira wa pete. Huyo ukimzungusha unamharibu. Akae chini ya pete kwanza ajue kiwiko kinakaa chini ya mpira, vidole vimetanuka, kiganja hakigusi, na mwishoni kifundo cha mkono kinakunja kama anamwita mtu wa mbali. Kila mpira wake sasa unazunguka kwa pembeni, dalili kwamba kidole gumba kinasukuma. Hilo huwezi kulirekebisha huku anakimbia.

Halafu kuna upepo wetu wa Dodoma wa Julai na Agosti, ambao haujali wewe ni wa upande gani. Mpira wa juu unasogezwa ukiwa hewani, na mshabiki wa pointi moja analazimika kukadiria upya hata akisimama palepale. Wanaolalamika sana ni haohao.

Siku hizi napiga michache karibu na nguzo kuweka mkono sawa, kisha GA na WA (winga wetu wa mbele) wananirushia bila kuniambia mpira unatoka wapi. Mwalimu amekubali nusunusu: Jumanne na Alhamisi tunazungushana, Jumamosi ni pointi yake. Kinachotukwamisha ni beki wa kutuzibia mazoezini. Kama uko Mtumba, mji wa serikali hapa Dodoma, ni mrefu na huna huruma, karibu saa 11 jioni, maji tunaleta sisi.