Mko wawili mu biashara bila kuandikwa ku RCCM, daftari ya biashara? Deni ya mwenzako ni yako

Hapa Lubumbashi watu wengi wanafanya biashara kwa wawili, mmoja analeta dola, mwingine iko na gari ao anajua njia ya Kasumbalesa, wanaelewana kwa mdomo basi, unga inaanza kuingia na depo inafunguliwa kule Katuba. Ukiwauliza kampani yenu iko wapi wanajibu "aah, sisi tunasaidiana tu". Hapo njo roho inaniuma, juu sheria haiwaone hivyo.

Congo iko ndani ya OHADA, umoja wa inchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, tangu 2012, na sheria yake ya makampani, ile ya 2014, inasema kampani inakuwa mtu mbele ya sheria siku inaandikwa ku RCCM. Mbele ya hapo hakuna kampani ya kushitaki mteja asiyelipa, na kama konti iko kwa jina la mwenzako, ku banki ni yake peke. Lakini deni, ndugu yangu, hiyo inawapata nyote! Mkiweka feza pamoja na kugawana faida na hasara, juji anaweza kusema mko na kampani kwa vitendo, na kifungu cha 868 kinawaweka chini ya kanuni za SNC, aina ya kampani yenye washirika wanabeba deni pamoja: kila mmoja anajibu deni yote, bila mpaka, na mali yake mwenyewe.

Tuseme mwenzako anakopa magunia ya dola 8000 ya biashara yenu, kisha anapotea. Mwenye magunia anaweza kukudai wewe 8000 yote, sio 4000, na parseli yako ya Ruashi iko hatarini. Utamfuata mwenzako kwa sehemu yake, kama utamupata. Na kusema "hatukujiandikisha" haisaidie, sheria haikubali mtu ajifiche nyuma ya hiyo.

Kile kinaniuma zaidi ni kifo. Anakufa yule hakuwa na jina ku karatasi hata moja, mjane anakuja ku depo na watoto, anaambiwa bwana yako alikuwa mfanyakazi tu. Anaweza kushitaki, ndiyo, ushahidi wa kila namna unakubaliwa, meseji za WhatsApp, risiti za M-Pesa, majirani wa soko, lakini kesi inakawia na unga inauzwa.

Mkifanya SARL, kampani yenye deni iko na mpaka, kwa kawaida kila mmoja anapoteza tu kile aliweka. (Kuna ushirika mwingine unaruhusiwa bila RCCM, lakini kila mtu anakopa kwa jina lake, na mkijionyesha kwa wauzaji kama washirika mnarudi kujibu wote.)

Kama hamuna karatasi yoyote, andikeni leo jioni: nani alitoa nini, faida inagawanywa namna gani, nani iko na ruhusa ya kukopa. Tieni sahihi, bibi zenu wawe mashahidi, kisha muende ku Guichet Unique, ofisi ya serikali ya kuandikisha kampani.