Siku Moja Maishani Mwangu: Maabarani Tabora

Saa moja na nusu asubuhi nimekwisha kuvaa koti, kuandika joto la jokofu la vitendanishi na kuhakiki mashine ya kuhesabu chembe za damu. Kuanzia saa mbili hadi saa tano ni malaria, mkojo, choo, sukari na wingi wa damu, kazi ambayo kila mtu huihitaji na hakuna anayeikumbuka.

Saa tano na robo ililetwa damu ya mama mmoja wa Isevya, aliyerejea kutoka Dar es Salaam, homa ikiwa katika siku ya nne na macho yakimuuma kwa ndani. Malaria haikuonekana, hivyo daktari akaagiza kipimo cha dengue, homa ya virusi inayoenezwa na mbu. Kipimo hicho hutafuta protini ya kirusi iitwayo NS1 pamoja na kingamwili, yaani silaha za mwili dhidi ya kirusi: IgM, za mwanzo wa ugonjwa, na IgG, ambazo hubaki hata baada ya kupona. Umeme ukakatika sampuli ikiwa bado inazungushwa, jenereta ikachelewa, na mwanawe akahamia dirishani kwangu. Hatimaye NS1 ikajitokeza. Mstari wa IgG ukakolea, wa IgM ukawa hafifu hata nikausogeza karibu na taa.

Daktari alipokwisha kumsomea majibu, kijana akarudi. “Dokta, niambie tu: mama atazidiwa au hatazidiwa?”

Nilimwambia kwamba mimi ni mtaalamu wa maabara, na kwamba hapa hatupigi ramli. Virusi vya dengue ni vya aina nne. Aliyewahi kuugua aina moja akipata nyingine, kingamwili za zamani zinaweza kukishika kirusi kipya bila kukizima, zikakirahisishia kuingia ndani ya seli. IgG iliyopanda mapema hutufanya tushuku maambukizi ya pili, ambayo hatari yake ni kubwa zaidi, ingawa wengi hupona bila kufikia hali mbaya. Kwa sababu hiyohiyo, mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza watu wapimwe kingamwili kabla ya kupewa chanjo ya Dengvaxia, kwani wasiowahi kuambukizwa walikuwa katika hatari zaidi ya dengue kali baada ya kuchanjwa.

Nikamuuliza kama mama aliwahi kuchanjwa homa ya manjano. Aliwahi. Nilipoeleza kwamba chanjo hiyo nayo inaweza kuukoleza mstari wa IgG, alipandisha sauti: “Sasa kipimo gani hiki kisichokuwa na uhakika?” Foleni nyuma yake ikaanza kuguna, nami nilikuwa sijanywa hata chai.

Mchana huo sikutazama saa tena. Majibu ya wengine yalichelewa, nikalaumiwa kwa hayo pia. Kijana alinikuta tena nikitoka, safari hii amepoa, nami nikamsisitizia alichoagizwa na daktari: asimpe mama aspirini wala ibuprofeni, na homa ikishuka asidhani amepona, kwa kuwa hapo ndipo hatari huanza; akitapika mfululizo, akiumwa tumbo au akitoka damu kwenye fizi, amrudishe hata usiku wa manane.

“Na kesho?”

“Kesho mlete mapema, mdogo wangu, tuhesabu tena chembe sahani, zile zinazogandisha damu.”