Siku Niliyopimwa Taya

Nilitaka jino la bandia linaloshikwa na skrubu ya titani iliyozamishwa kwenye mfupa wa taya, nikaenda nikijua daktari wa meno ataangalia pengo tu. Lilikuwa juu kulia, mahali pa gego lililong'olewa zamani, na kwa miaka nilikuwa nikitafunia upande mmoja. Lakini yeye alianza na maswali. Unavuta sigara, mama? Una kisukari? Unasaga meno usingizini? Umewahi kutumia dawa za kuimarisha mifupa? Hilo la mwisho lilinishangaza, mpaka aliponieleza kwamba baadhi ya dawa hizo huweza kuzuia taya kupona baada ya upasuaji.

Kisha akachukua kijiti cha chuma chenye alama za milimita, akawa anakiingiza taratibu kati ya kila jino na ufizi, huku akimtajia msaidizi namba za kina. "Mbili, tatu, mbili. Tatu, tatu, mbili." Nikaanza kusikiliza kama mwanafunzi anayesomewa matokeo ya mtihani. "Tatu, tano, sita." Sikuhitaji kuuliza, nilishaonja damu.

Picha ya taya haikuchukua muda. Unasimama, unang'ata kijiti cha plastiki, mashine inakuzunguka kichwa, basi.

Kazi ilikuwa kwenye skrini. Alipima mfupa ulio juu ya pengo: milimita 4. Juu yake palikuwa na weusi mtupu, ule uwazi wa hewa ulio kando ya pua. Jino likiondoka, alisema, mfupa uliokuwa ukilibeba hupungua, na uwazi huo nao hushuka. Skrubu ya titani inataka mfupa wa kuishika, kwa sababu mfupa ndio unaoota ukagandamana nayo. (Baadaye nilisoma kwamba mtafiti Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi aligundua hilo kwa bahati, aliposhindwa kuing'oa titani kwenye mfupa wa sungura. Mgonjwa wake wa kwanza wa meno alimtibu mwaka 1965.)

"Kwa hiyo sifai?"

"Sijasema hufai. Nimesema bado. Tutibu fizi kwanza. Fizi zikiwa na ugonjwa, hata skrubu nzuri italegea. Zikitulia, tutainua sakafu ya uwazi huu na kuongeza mfupa."

Nikamuuliza kuhusu daraja, yaani jino la bandia linaloshikizwa kwenye meno ya jirani. Alikubali kwamba inawezekana, ila angelazimika kuyachonga meno mawili ya jirani, na yote mawili ni mazima. Hapo nikakataa. Nikaomba tarehe ya kusafishwa fizi.