Siku moja kazini: kukadiria hatima ya figo zenye vaskulitisi (uvimbe wa kuta za mishipa ya damu)

Saa 1:30 asubuhi. Kreatinini kwanza, taka ya damuni inayopanda figo zikishindwa, na sisomi jibu la leo peke yake. Iliyopanda kutoka mikromoli 120 hadi 400 kwa lita ndani ya wiki mbili ni moto unaowaka sasa. Iliyokaa 400 mwaka mzima, aghalabu ni kovu.

Saa 2:30. Mkojo unakwenda kwenye hadubini ungali mpya. Ukisahaulika mezani saa kadhaa, chembe nyekundu hupasuka, na ushahidi wa glomeruli (vichujio vidogo vya figo) zinazovuja damu hupotea nazo.

Saa 4. Biopsi, kipande cha figo kilichotolewa kwa sindano, pamoja na mtaalamu wa patholojia. Hapa ndipo muda unapoliwa. Glomeruli 18, nzima 3: asilimia 17. Kwa alama za hatari ya figo za ANCA (kingamwili zinazoushambulia mwili wenyewe katika ugonjwa huu) zilizochapishwa 2018, nzima kati ya asilimia 10 na 25 ni alama 4. Kovu kwenye mirija na tishu zake limepita asilimia 25: alama 2. Uchujaji wa damu wa figo siku ya utambuzi ni mililita 12 kwa dakika, chini ya mpaka wa 15: alama 3. Jumla 9, kuanzia 8 ni hatari kubwa. Si ruhusa ya kuacha tiba, lakini.

Na sindano ikitoa glomeruli 6 tu? Nzima moja, alama 4. Nzima mbili, sifuri. Kichujio kimoja kinamhamisha mtu kundi, kwa hiyo idadi huandikwa kando ya alama. Aliyekaukiwa maji naye, uchujaji ukiwa umeshuka kwa muda tu, huweza kubebeshwa alama 3 zisizo zake.

Saa 7 mchana. Ndugu huuliza, “Daktari, atapona?” Alama za asubuhi ni za figo, si za uhai. Uhai hutegemea pia umri, damu mapafuni na maambukizi, ambayo mwaka wa kwanza huua zaidi kuliko ugonjwa wenyewe. Utafiti wa PEXIVAS (2020) ulionyesha kwamba dozi ya steroidi (dawa za kushusha kinga) ikishushwa upesi, vifo na figo kufa haviongezeki, na maambukizi makali hupungua. Basi ratiba ya kushusha dozi huandikwa leo leo.

Saa 9. Kliniki. Wenye ANCA ya aina ya PR3 hurudiwa na ugonjwa zaidi. Wa aina ya MPO mara nyingi hufika na makovu tayari.

Saa 11 jioni. Faili la aliye kwenye dayalisisi, mashine ya kusafisha damu, wiki ya 14. Wanaoiacha mashine kwa figo kuamka, wengi huiacha miezi 3 ya kwanza. Mapafu, pua na ngozi vikiwa vimetulia, dawa za kushusha kinga zinaanza kuondolewa. Upandikizaji utajadiliwa ugonjwa ukishalala angalau miezi 6.