Pilau ya meneja na mashuka ya dobi

Mwisho wa 2019 nlikuwa rumu stiwadi kwenye hoteli moja hapa Malindi, jina sitalitaja. Kama ulikuwa Pwani mwaka ule unaikumbuka mvua ya vuli ilivyonyesha haikati, mto Sabaki ukafurika ukamwaga tope lote baharini, halafu kaskazi ikaanza kulisukuma kuja upande wetu, maji yakawa rangi ya chai ya maziwa. Mgeni akitoka kuogelea anajifuta na taulo nyeupe ya chumbani, taulo inabaki na udongo, dobi wanaifua mara mbili mara tatu na bado haing'ai.

Na shida haikuwa taulo peke yake. Hoteli iliyojipanga kila kitanda kina seti tatu za mashuka, moja imetandikwa, moja iko dobi, moja imepumzika stoo. Sisi hata mbili hazikufika. Yaliyochanika yalitolewa na hayakuletwa mengine, ukiuliza unaambiwa subiri hai sizoni ipite. Sasa saa nne wageni wanatoka, saa nane wengine wanaingia, na shuka unalotaka kutandika ndo hilo hilo bado linazunguka kwenye mashine.

Nakumbuka nilivyokuwa nasimama mlangoni kwa dobi na troli tupu. Mzee wa dobi alikuwa analishika shuka pindoni, kule kwenye mshono ambako huchelewa kukauka, analigusa kwa mgongo wa mkono, halafu anatikisa kichwa. "Bado mwanangu, ukilitandika hili usiku litanuka." Huku simu ya supavaiza inalia, chumba fulani vipi, na kule risepsheni kuna mama wa watu amekaa na masanduku, mtoto kamlalia mapajani, wamefika tangu asubuhi. Nani atatukanwa? Si mwenye hoteli. Ni mimi na wenzangu tunaoshika ufagio.

Basi watu wakachoka. Jumatatu huyu anaumwa, Jumanne yule kafiwa, vyumba vikawa vinasafishwa juu juu. Meneja akaangalia akasema hawa hawana moyo wa kazi, tuwafurahishe. Ikaandaliwa pati, pilau, soda, DJ, na fulana zilizoandikwa sisi ni familia moja. Pilau yenyewe ilikuwa tamu wallahi, ila waliopika ni wale wale wenzetu wa jikoni, tena siku yao ya ofu.

Kesho yake asubuhi naenda dobi, mashuka hakuna.

Dada mmoja wa Kakuyuni tuliyekuwa naye ghorofa moja akaniambia, "Jana nimechezeshwa muziki, leo natukanwa kwa shuka ambalo sinalo, sasa ile furaha ya jana niitie wapi?" Maneno yake yalinirudia miaka baadaye nikisoma kozi ya HR, yaani usimamizi wa wafanyakazi, jioni. Mwalimu alituambia mwaka 2001 mtafiti Timothy Judge na wenzake Marekani walikusanya tafiti za zaidi ya watu 54,000 wakatafuta kuridhika na kazi kunaendana vipi na utendaji, wakapata kama 0.30, kwenye kipimo ambacho 0 ni hakuna uhusiano na 1 ni uhusiano kamili, yaani uhusiano upo wa kweli lakini si mkubwa vile mameneja wanavyodhani. Na namba hiyo haikwambii kipi kilitangulia. Kisha akatutajia watafiti wengine, Porter na Lawler, ambao tangu miaka ya 60 walikuwa wanasema mara nyingi mambo huenda kinyume, mtu anafanya kazi ikatoka vizuri, anapata stahili yake, ndo anaridhika. Mie nikamuona yule dada wa Kakuyuni na troli yake. Alikuwa amelisema lote hilo bila kuingia darasani.

Turudi 2019. Mkutano wa wiki ile meneja akauliza kama pati imetusaidia. Kimya. Mzee wa dobi akasimama, "Meneja, mie sitaki kuimbiwa. Nataka nikitoa shuka liwe limekauka." Meneja namsifu kwa hili, hakukasirika, siku ya pili akashuka dobi mwenyewe akakaa mpaka saa tisa, akahesabu kila shuka linaloingia na linalotoka, akampigia mwenye hoteli pale pale na kelele za mashine zinasikika. Kabla ya Krismasi pikapu ikaja kutoka Mombasa na marobota ya mashuka, pamoja na taulo za bluu za kwenda nazo baharini. Hizo za bluu lilikuwa wazo la yule dada, nyeupe zisitoke chumbani tena.

Aisee watu walibadilika mbele ya macho yangu. Wale wa kuumwa Jumatatu wakapona. Yule dada akaanza kuweka asmini juu ya foronya, hakuna aliyemtuma, anasema kitanda kikishakuwa safi unapata hamu ya kukiremba. Mzee wa dobi akawa mkali zaidi, shuka lenye mkunjo anakunyang'anya mkononi analirudisha kwenye pasi, na sisi tunafurahi kunyang'anywa.

Mshahara haukuongezwa hata shilingi. Januari kikaitishwa kikao na mzee huyo huyo ndo alikuwa wa kwanza kusimama kuudai, tena kwa sauti kavu, na safari hii meneja hakuwa na pa kusema eti hatuna moyo wa kazi, maanake saa ile inasogea adhuhuri na vyumba vyote vilikuwa vimeshatandikwa.