Ahadi kwa Watu Waliochoka Kusikiliza

Wapendwa katika Bwana, wengi wetu tunapokisoma kitabu cha Kutoka huwa na haraka ya kufika Bahari ya Shamu, tuyaone maji yakigawanyika. Juma hili naomba tukae katika sura ya 5 na mwanzo wa sura ya 6, mahali ambapo hakuna bahari wala nguzo ya moto, ila udongo, matofali na watu waliochoka.

Musa na Haruni wamekwenda kwa Farao, na mambo yameharibika zaidi. Farao ameamuru watumwa wasipewe tena majani makavu ya kuchanganya na udongo, wakayatafute wenyewe, huku hesabu ya matofali ya kila siku ikibaki ile ile. Aliyewahi kufyatua matofali ya udongo anauelewa ukatili wa amri hiyo, kwa kuwa majani ndiyo yanayoushika udongo usipasuke unapokauka juani. Basi watu wakatawanyika katika nchi ya Misri wakiokota mabua, na hesabu ilipopungua, waliopigwa ni wasimamizi wa Kiisraeli, ambao wanyapara wa Farao walikuwa wamewaweka juu ya ndugu zao. Walipokwenda kulia mbele ya Farao, aliwaita wavivu.

Musa naye alirudi kwa Bwana na kumwuliza waziwazi kwa nini alimtuma, maana tangu aseme na Farao watu wametendwa vibaya zaidi, na Mungu hajawaokoa hata kidogo. Nashukuru kwamba Maandiko hayakuificha sala hiyo. Wala Mungu hakumkemea. Alimkumbusha agano lake na Ibrahimu, Isaka na Yakobo, akasema amesikia kuugua kwa watu wake, kisha akaahidi jambo juu ya jambo: atawatoa, atawaokoa, atawakomboa kwa mkono ulionyoshwa, atawatwaa wawe watu wake, atakuwa Mungu wao, atawaleta katika nchi aliyoapa, na atawapa iwe yao.

Musa akawapelekea maneno hayo, nao, yasema Kutoka 6:9, hawakumsikiliza, kwa sababu ya uchungu wa moyo na utumwa mgumu. Katika Kiebrania huo uchungu umeelezwa kuwa ni ufupi wa roho, na neno hilo la roho ndilo linalotumika pia kwa pumzi. Ni watu walioishiwa pumzi. Hawakumkataa Mungu kwa kiburi. Walikuwa wamepigwa na kufanyishwa kazi kiasi kwamba hata habari njema ilikuwa mzigo mwingine wa kubeba.

Hapa ndipo ninapouona uaminifu wa Mungu kuliko hata pale baharini. Hakungoja waamini kwanza, wala hakupunguza neno hata moja katika yale aliyoahidi. Katika mstari unaofuata anamtuma Musa arudi kwa Farao. Angewezaje kufanya vingine? Katika Mwanzo 15, siku Mungu alipofanya agano na Abramu, ndiye Ibrahimu, na kumwambia kwamba uzao wake utateswa miaka 400 katika nchi isiyo yao, Abramu alikuwa amelala usingizi mzito. Wanyama walikuwa wamepasuliwa na vipande kupangwa, na kilichopita katikati yake kilikuwa tanuru ya moshi na mwenge wa moto. Kupita kati ya vipande ndiko kulikokuwa kujifunga kwa agano, na Abramu hakupita. Mungu alijifunga peke yake, na watoto wa yule aliyelala ndio hawa waliochoka hata kusikiliza.

Ndugu uliyeketi ibadani juma lililopita ukashindwa kuitikia amina, si kwa uasi bali kwa kuchoka, mstari huo wa 9 uliandikwa kwa ajili yako pia.

Usiku wa kutoka, Kutoka 12 inasema, walibeba unga wao uliokandwa kabla haujatiwa chachu, vyombo vya kukandia vikiwa vimefungwa ndani ya nguo zao na kuwekwa mabegani. Ni mabega yaliyozoea udongo wa Farao. Zaburi 81 inamsikia Mungu mwenyewe akiikumbuka siku hiyo, akisema kwamba aliliondoa bega la Israeli chini ya mzigo, na mikono yake ikaachana na kikapu.